Kuomba kazi kwa simu yako mwenyewe: mwongozo kamili kuanzia cheti cha kabatini hadi jina kwenye orodha ya usaili

Kila yanapotoka matangazo makubwa ya ajira, hasa ya walimu na kada za afya, duka langu la steshenari hapa Morogoro hujaa tangu asubuhi. Karibu kila anayeingia ana simu janja mkononi, na kauli ni moja: "Kaka, naomba unisaidie, mfumo unakataa."

Nikiishika simu nakuta mambo ni yale yale. Cheti kimepigwa picha juu ya kitanda. Faili lina MB 9. Neno la siri la barua pepe halikumbukwi. Jina la kwenye kitambulisho haliendani na la cheti cha kidato cha nne. Nimeyaeleza haya nikiwa kaunta mara nyingi mno, na bado kuna watu wanaondoka dukani tarehe ya mwisho imepita. Inaniuma, kwa sababu wengi wao sifa wanazo.

Mfano wangu mkuu ni Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa kuwa ndio unaowakwamisha wengi. Ukiuweza huo, maombi ya kampuni binafsi hayatakushinda.

Kitu kimoja ukishike tangu sasa: ombi la kazi huandaliwa kabla tangazo halijatoka. Mara nyingi tangazo hukupa wiki 2 hivi. Ukianza kumtafuta wakili na kukumbuka neno la siri ndani ya wiki hizo 2, utatuma vitu nusunusu. Hatua ya 1 hadi ya 6 zifanye wiki hii, hata kama hakuna nafasi yoyote uliyoiona.

## Andaa hivi kwanza

- Simu yenye kamera inayoonyesha maandishi vizuri, na nafasi ya GB 1 hivi iliyo wazi. Simu iliyojaa video za magrupu hukataa kuhifadhi faili katikati ya kazi.
- Laini iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.
- Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho chako cha taifa. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Zikipishana na cheti cha kuzaliwa, ulijue hilo leo.
- Cheti cha kuzaliwa.
- Vyeti vya shule na chuo, pamoja na transkripti (karatasi ya alama zako za chuo). Kwa kada zenye bodi au baraza, weka na cheti cha usajili au leseni.
- Picha ya pasipoti ya hivi karibuni.
- Wadhamini 3 wenye simu zinazopatikana na barua pepe wanazozisoma.
- Daftari dogo la karatasi. Usilidharau, utaona kazi yake.

Angalizo kuhusu vyeti: matangazo ya Sekretarieti husema wazi kwamba karatasi za matokeo na matokeo ya muda hayakubaliwi. Kama cheti chako cha kidato cha nne bado kiko shuleni au kwa baraza la mitihani, safari ya kukifuata ndiyo hatua yako ya kwanza kabisa. Waliosoma nje ya nchi wanatakiwa vyeti vyao viwe vimehakikiwa na mamlaka husika hapa nyumbani: TCU kwa vyuo vikuu, NACTVET kwa vyuo vya kati, NECTA kwa sekondari.

## Hatua ya 1: Barua pepe iwe yako, na uweze kuifungua usiku wa manane

Kijana mmoja aliniletea simu yake akitaka kuingia kwenye akaunti yake ya ajira. Nikamuuliza barua pepe aliyojisajilia. Hakuijua. Alifunguliwa miaka ya nyuma na muhudumu wa intaneti kafe, aliyeweka barua pepe aliyoitengeneza mwenyewe na namba yake mwenyewe ya simu. Kafe ilishafungwa, muhudumu alishahama. Kwenye mfumo vyeti vyake vilikuwamo, namba yake ya NIDA ilikuwamo, ila yeye hakuwa na ufunguo wa kuingilia. Tulihangaika naye siku mbili.

Kwa hiyo fungua barua pepe wewe mwenyewe, kwenye simu yako, kwa jina lako halisi. Epuka majina ya utani. Afisa anayepitia maombi mia mbili hahitaji kukufahamu kama "mtoto wa mjini".

Weka namba yako ya simu kama namba ya kurejesha akaunti. Ongeza na barua pepe ya pili ya kurejesha, ya ndugu unayemwamini. Neno la siri liandike kwenye daftari, daftari likae nyumbani. Usiliweke kwenye meseji za WhatsApp.

Ukibadilisha laini, badilisha na namba hiyo ya kurejesha siku ileile. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine.

Umefaulu pale unapotoka kwenye akaunti kabisa, ukaingia tena kwa kusoma daftari lako, bila kumpigia mtu simu.

## Hatua ya 2: Panga vyeti mezani, usome majina herufi kwa herufi

Hatua hii haitaki bando. Vitandaze vyeti vyote pamoja na kitambulisho cha NIDA. Anza na jina la kwanza, kisha la kati, kisha la ukoo. Je, ni Mariam au Mariamu? Jina la kati lipo kwenye cheti cha chuo na halipo kwenye cha kidato cha nne? Tarehe ya kuzaliwa ni moja kila mahali?

Sababu ni hii: anayechambua maombi hakujui. Akiona majina mawili anaona watu wawili.

Kama tofauti ipo, nenda kwa wakili upate hati ya kisheria ya majina, na hati hiyo uiambatishe pamoja na vyeti. Kama kosa liko kwenye taarifa za NIDA au cheti cha kuzaliwa, lianzie kwenye ofisi husika. Masahihisho huchukua muda, na tangazo halitakungoja.

Wakati uko kwa wakili, maliza na jambo la pili: nakala za vyeti kugongwa muhuri. Matangazo mengi ya serikali yanataka nakala zilizothibitishwa na mwanasheria au wakili. Toa fotokopi safi, apige muhuri na kusaini, na nakala hiyo yenye muhuri ndiyo utakayoiskani.

## Hatua ya 3: Skani vyeti, usivipige picha

Hapa ndipo maombi mengi yanapoharibikia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Siku moja binti alinionyesha cheti chake cha stashahada kwenye simu. Alikipiga picha juu ya shuka la maua, usiku, taa ya chumbani ikiwa nyuma yake. Kivuli cha kichwa chake kimeangukia katikati, palepale penye jina la kozi. Kona ya chini imekatika, na namba ya cheti imebaki nje. Yeye alikuwa anakisoma vizuri kwa sababu anakijua kwa moyo. Nikamwambia, "Dada, nisomee namba ya cheti." Akanyamaza.

Kuskani maana yake programu ya simu inatafuta kona nne za karatasi, inanyoosha, inaondoa kivuli na kukupa PDF. Huhitaji kununua kitu. Kwenye Android, Google Drive inayo: fungua, gusa alama ya kujumlisha au ya kamera, chagua kuskani. Kwenye iPhone skana iko ndani ya programu ya Notes. Kuna programu nyingine za bure, lakini kabla ya kuzitumia hakikisha haziachi jina lao juu ya cheti chako. Muhuri wa tangazo la programu juu ya cheti cha serikali hauleti picha nzuri.

Fanya hivi:

1. Fanya kazi mchana, karibu na dirisha au barazani kwenye kivuli. Jua kali la moja kwa moja linang'arisha karatasi na kufuta muhuri.
2. Weka karatasi juu ya kitu cheusi au cha rangi nzito kisicho na maua. Meza ya mbao inafaa, hata kanga nyeusi iliyonyooshwa. Programu inahitaji kuona karatasi inapoishia.
3. Toa cheti kwenye plastiki. Plastiki ina mng'ao. Kama kimelaminishwa na hakitoki, inamisha simu kidogo mpaka mng'ao uondoke juu ya maandishi.
4. Futa lenzi kwa kitambaa laini. Simu inayokaa mfukoni au kwenye pochi ina mafuta kwenye lenzi, na mafuta hayo ndiyo ukungu unaouona.
5. Simama, shika simu kwa mikono miwili juu kabisa ya karatasi, usawa na meza. Ngoja ishike fokasi ndipo upige.
6. Rekebisha kona nne kwa kidole. Kingo zote za karatasi zionekane.
7. Cheti chenye nyuma na mbele, au transkripti ya kurasa 3, ongeza ukurasa ndani ya faili lile lile. Usitengeneze mafaili matatu.

Umefaulu kama ukifungua PDF, ukakuza mara mbili, unasoma namba ya cheti, saini na maandishi ya ndani ya muhuri. Mpe mtu ambaye hakijui cheti chako akusomee. Akisitasita, rudia.

Na tafadhali, usijitumie cheti kama picha kwenye WhatsApp halafu ukakipakua. WhatsApp hubana picha, maandishi madogo yanavimba. Ukilazimika kupitisha huko, tuma kama hati.

## Hatua ya 4: Punguza uzito wa faili, kisha lipe jina

Mifumo ya maombi ina kikomo cha ukubwa wa faili. Kikomo huandikwa palepale pa kupakia, kwa herufi ndogo ambazo watu wanazipita. Mimi hulenga kila faili lisizidi MB 1, na cheti cha ukurasa mmoja KB 300 hadi 500 kinatosha kabisa.

Kujua ukubwa, fungua sehemu ya mafaili kwenye simu, shikilia faili, chagua maelezo. Likiwa kubwa, skani upya ukichagua ubora wa kati au rangi nyeusi na nyeupe. Kwa cheti chenye muhuri wa bluu mimi huacha rangi na kushusha ubora, ili muhuri uonekane ni muhuri.

Angalizo: zipo tovuti zinazopunguza PDF bure. Usipakie huko cheti cha kuzaliwa wala kitambulisho. Hujui nani anabaki na nakala, na mwenye cheti chako na namba yako ya NIDA anaweza kujifanya wewe.

Jina la faili liwe la mtu, si la mashine. "Scan_20240611_004" halikusaidii kitu saa 5 usiku ukitafuta cheti. Andika jina la ukoo, kistari, aina ya hati: Mushi-CHETI-KIDATO4, Mushi-BARUA-MWALIMU. Usiweke neno la siri kwenye PDF.

Weka yote kwenye folda moja ndani ya Drive, iite KAZI. Simu ikiibiwa stendi, folda inabaki, utaikuta kwenye simu nyingine. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, inatosha vyeti vya ukoo mzima.

## Hatua ya 5: CV na barua

CV andikia kwenye Google Docs. Kurasa 2 zinatosha kwa aliyemaliza chuo karibuni. Anza na kilicho kipya: kazi au mafunzo ya vitendo ya mwisho juu, shule ya msingi chini kabisa. Ukimaliza, hifadhi kama PDF, kwa sababu Docs ikifunguliwa kwenye simu nyingine mistari inahama.

Barua ndiyo inayobadilika kila ombi. Nakili anwani kutoka chini ya tangazo kama ilivyo, usiikumbuke kwa kichwa. Taja cheo cha nafasi kwa maneno yale yale ya tangazo, na namba ya kumbukumbu kama ipo. Barua ya kuomba ualimu yenye kichwa cha uafisa ugavi, kwa kuwa mtu alinakili ya mwezi jana, nimeiona zaidi ya mara moja.

Barua lazima isainiwe. Ichape, saini kwa kalamu ya bluu au nyeusi, iskani kama ulivyofanya vyeti. Huna pa kuchapa? Andika kwa mkono kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari, kwa mwandiko unaosomeka, usaini, uiskani.

Lugha ifuate tangazo. Barua ya Kiswahili fasaha ni bora kuliko ya Kiingereza uliyookoteza, isipokuwa tangazo limetaka Kiingereza.

## Hatua ya 6: Jaza akaunti yako yote

Fungua kivinjari, andika mwenyewe portal.ajira.go.tz. Usifuate kiungo kilichotumwa kwenye grupu. Kama vitufe vinajificha kwenye skrini ndogo, gusa vitone vitatu vya Chrome, chagua toleo la kompyuta, kisha laza simu.

Jisajili kwa barua pepe ya hatua ya 1, kisha pita sehemu moja baada ya nyingine: taarifa binafsi, mawasiliano, elimu, taaluma, lugha, uzoefu, mafunzo, kompyuta, wadhamini, viambatisho. Usiruke hata kidogo.

Yanayokwamisha watu hapa ni haya.

Elimu huingizwa ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ina cheti chake. Watu hupakia shahada tu wakidhani inabeba zilizo chini. Haibebi. Kidato cha nne kikikosekana, umekosa.

Jina la kozi lichague kama linavyosomeka kwenye cheti. Tangazo likitaka shahada ya uhasibu na wewe umechagua "biashara" kwa haraka, mchujo utakuacha nje ingawa cheti kinasema uhasibu.

Mkoa unaoishi ujaze ukweli, na uubadilishe ukihama. Usaili wa awali umekuwa ukipangwa kwa kufuata mkoa ulioujaza. Ukiwa Morogoro na akaunti inasema Kigoma, nauli ni yako.

Wadhamini wapigie simu kabla hujawaandika. Mwambie, "Shikamoo mwalimu, naomba nikuweke mdhamini wangu kwenye maombi ya kazi." Mdhamini akipigiwa ghafla na kusema "huyo simkumbuki," umejiharibia.

Mwenye ulemavu aainishe kwenye mfumo. Matangazo yenyewe huhimiza hivyo.

Hifadhi kila sehemu kabla ya kwenda nyingine. Simu ikipigwa katikati, ukurasa unaweza kujirudisha mwanzo.

Umefaulu ukitoka, ukaingia kesho yake, na kila kiambatisho kinafunguka ukikigusa. Vifungue vyote, kimoja kimoja. Nimekuta cheti cha kuzaliwa kwenye nafasi ya transkripti.

## Hatua ya 7: Tangazo limetoka

Soma PDF ya tangazo yote, mpaka ukurasa wa masharti ya jumla. Watu husoma majina ya nafasi na mshahara, wanafunga. Masharti yako mwishoni: uraia, umri (mara nyingi usiozidi miaka 45), hati zinazotakiwa, walioajiriwa tayari wapitishe wapi barua zao, tarehe ya mwisho.

Chukua daftari, chora mstari katikati. Kushoto andika kila sifa inayotakiwa, kulia andika cheti chako kinachoithibitisha. Nafasi tupu kulia ikiwa kwenye sifa ya lazima, tafuta nafasi nyingine. Usitume maombi 12 ukitumaini moja litadondokea, bora 2 yanayokufaa.

Kisha andika barua, saini, skani, ingia, chagua nafasi, ambatisha, tuma.

Tuma ndani ya siku 5 za mwanzo. Siku ya mwisho jioni nchi nzima iko kwenye mfumo, ukurasa unazunguka tu, na umeme unaweza kukatika kwako. Saa 11 alfajiri mtandao huwa mwepesi.

Kutuma ombi kwenye mfumo huu ni bure. Unacholipia ni bando lako.

Umefaulu ukiona nafasi hiyo kwenye orodha ya maombi yako. Piga skrinishoti, weka kwenye folda ya KAZI, na daftarini andika nafasi, taasisi, tarehe.

## Hatua ya 8: Kampuni na mashirika binafsi

Hapa njia ni mbili, tovuti ya mwajiri au barua pepe. Fungua LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, weka kazi unayotafuta na mji, kisha washa taarifa za kazi mpya ili simu ikuletee kila siku au kila wiki. Unganisha mafaili kuwa PDF moja tangazo likitaka hivyo: barua, CV, vyeti, kwa mpangilio huo.

Kwenye barua pepe, kichwa cha habari kiwe kama tangazo lilivyoelekeza. Ndani andika mistari minne: wewe nani, unaomba nini, umeambatisha nini, namba yako ya simu. Barua pepe tupu yenye viambatisho tu huonekana kama takataka. Kabla ya kutuma kwa mwajiri, jitumie mwenyewe, fungua kila kiambatisho.

## Hatua ya 9: Mtambue tapeli kabla hujatoa senti

Mama mmoja alikuja nimchapishie barua ya kijana wake. Ilikuwa na nembo ya taifa juu, inasema kijana amepata kazi ya uhamiaji, aripoti Jumatatu. Alikuwa na furaha, kashika khanga mpya aliyomnunulia mkwewe kwa ajili ya sherehe ndogo. Nikaisoma. Barua pepe ya kujibia ilikuwa ya gmail. Neno "Wizara" liliandikwa "Wizala". Chini, kwa herufi nyekundu: "tuma 85,000 ya vipimo na sare kabla ya saa 10 jioni nafasi isije ikachukuliwa." Nikamuuliza, "Mama, mmeshatuma?" Walishatuma jana yake. Alikopa kikoba.

Dalili ni hizi, na moja tu inatosha kukusimamisha:

- Unaombwa pesa ya fomu, vipimo, sare, "kufungua faili" au "shukrani kwa bosi".
- Namba ya kutuma ni ya mtu binafsi.
- Unaharakishwa kwa saa.
- Umepata kazi ambayo hukuiomba wala kuifanyia usaili.
- Jina la tovuti kwenye kiungo haliishii na .go.tz kabla ya mkwaju (/) unaolifuata. "Ajira-go-tz" ikifuatiwa na .com si ya serikali.
- Unaombwa tarakimu za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako. Hizo usimpe mtu yeyote.

Kazi za ndani za Uarabuni zinazotangazwa kwenye WhatsApp zina hatari ya ziada: mtu anaweza kukabidhi pasipoti kwa asiyemjua. Uliza kibali cha wakala huyo kwa maofisa wa kazi wa serikali kabla ya kukabidhi hati yoyote.

Meseji ya kitapeli itume kwenda 15040. Kama pesa imeshaondoka, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyohiyo uombe muamala uzuiwe, halafu nenda polisi ukiwa na meseji ya muamala. Usifute kitu kwa aibu.

## Hatua ya 10: Kutafuta jina lako

Majina ya walioitwa kwenye usaili huwekwa kwenye ajira.go.tz, mara nyingi PDF yenye kurasa nyingi. Usisubiri mtu akutumie skrinishoti, kwa sababu skrinishoti ya grupu inaweza kuwa ya ukurasa mmoja tu, na wa zamani.

Pakua faili lote. Fungua, gusa alama ya kutafuta, andika jina la ukoo pekee. Usipoliona, jaribu jina la kwanza, kisha maandishi mbadala. Kama PDF ni ya kuskani, utafutaji hautapata kitu hata kama upo, kwa hiyo soma kwa macho.

Ukijiona, rudi juu ya tangazo usome tarehe, saa na kituo. Ingia kwenye akaunti uandike namba yako ya usaili daftarini. Pakua tangazo lisomeke bila bando. Vyeti vinavyotakiwa siku hiyo ni vile halisi, pamoja na kitambulisho. Simu yenye PDF haiwi mbadala wa cheti, na mlangoni unaweza kuambiwa uizime.

Usipojiona, ingia kwenye akaunti upande wa maombi uliyotuma, uangalie hali ya ombi na sababu iliyoandikwa. Barua haikusainiwa? Rudi hatua ya 5. Cheti hakisomeki? Hatua ya 3, karibu na dirisha, mchana. Majina yanapishana? Hatua ya 2. Rekebisha hilo moja leo, ulipakie kwenye akaunti, na laini yako iache ndani ya simu, ikiwa na chaji.